Nilimchinja Jogoo wa Mashindano

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ndoa yangu haijavunjika, mimi ni fundi cherehani hapa Matisi, Kitale, mke wangu Nakhumicha ni wa Bungoma, na tangu mwaka jana anasema maisha ya kwao ni mazuri, tuhamie, mimi nasema Kitale ndiko kuzuri, hewa baridi, mahindi tele, tukabishana mpaka tukanunua vijogoo viwili vya mama mmoja, kimoja kikae kwetu, kingine kwa wazazi wake, baada ya miezi sita tuwapime, atakayekuwa mzito ndiye atuamulie. Wangu nilimlisha hadi chapati. Mwezi wa tano nikaenda Bungoma kumchungulia mpinzani, na unajua kule mkwe hawezi kufika akaondoka bila kuku, na kwa vile mimi ni Muislamu, baba mkwe akaniletea jogoo mkubwa ajabu pamoja na kisu, ati, "Naim, chinja mwenyewe ndio ule kwa amani." Nikachinja, nikala firigisi, nikaongezwa mchuzi, ndipo nikauliza yule jogoo wetu yuko wapi, mzee akacheka: "Si ndiye huyo unamaliza, bana!" Wallahi sikumtambua, alivyonona! Sasa Nakhumicha anasema Bungoma imeshinda, mimi nasema hakupimwa, naye amebaki kwao wiki ya tatu, ati Kitale mtu wa kuongea naye ni jogoo tu, mimi nashinda kwa cherehani. Je, turudie mashindano na kifaranga kipya?

Naim, Matisi.

Naim, pole, lakini una kichwa kigumu wewe! Umeshindwa. Jogoo amenona hadi mwenyewe ukamchinja bila kumjua, unataka mizani ya nini tena? Ila hilo la kuku halinisumbui. Mkeo amekuambia hana wa kuongea naye, nawe unaniuliza habari ya kifaranga! Huoni haya? Hiyo baridi ya Kitale itamsaidia nini akishinda kimya kutwa nzima?

Basi funga kazi Jumamosi uende Bungoma. Wakikuletea kuku, chinja, kula, ushukuru, na habari ya uzito usiitaje kabisa. Kisha mwambie, "Nakhumicha, nilikuacha peke yako, nisamehe." Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize, hata kama ni jioni nzima. Akikubali kurudi, mwekee kiti pale kazini mpige gumzo. Akikataa, hama wewe. Cherehani haina mizizi, inabebeka.