Karabai Sita za Baba

Wiki hii nilikuwa napanga upya sanduku la vitabu, nikaikuta shajara yangu ya kidato cha nne, daftari la kurasa mia mbili lililoliwa jalada na mende. Ni ya miaka ile ya themanini, sabuni ilipoanza kurudi madukani baada ya kutuhangaisha mpaka tukafulia majani ya mpapai. Nanakili siku moja tu, kama nilivyoiandika.

*

Ijumaa, muda wa prepu. Musoma.

Mchana kutwa jua limetuchoma, na sasa mawingu yamekaa tu juu ya ziwa, hayanyeshi wala hayaondoki. Mikono inanitoka jasho. Wenzangu wanasoma Baiolojia. Mimi nimelifunika daftari hili kwa kitabu cha Baiolojia na ninaandika.

Naogopa kesho.

Kesho ni mahafali yetu. Asubuhi gwaride, mchana ngonjera na hotuba, halafu pilau, na saa kumi na moja jioni ndiyo hilo jambo ambalo shule hii haijawahi kuliona: dansi rasmi ya familia. Kila mhitimu anaingia bwaloni na mzazi wake, wawili wawili, mbele ya wageni waalikwa, wanacheza. Aliyelileta ni Mwalimu Stella wa Kiingereza. Anasema miaka ya foleni imetukunja nyuso, sasa tuzikunjue. Kila Jumatano ametufundisha hatua kwa redio kaseti ya shule, ambayo betri zake tunazianika juani mchana ili jioni ziimbe nyimbo mbili kabla hazijaanza kuvuta sauti.

Mtihani wa taifa uko wiki mbili mbele, na haki ya Mungu siuogopi kama ninavyoiogopa hiyo dansi.

Acha niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia.

Nimedanganya. Nimedanganya pande mbili.

Mwezi uliopita tulipewa fomu ya kujaza jina la mzazi atakayecheza. Asiye na mzazi wa kuja, ilisemwa, atakuwa jikoni anagawa pilau. Rafiki yangu Nyamisi aliandika jina la baba yake haraka haraka. Baba yake anaendesha lori la pamba huko Bunda, ana suti, na dansi anazijua. Mimi nilikaa na kalamu. Baba yangu ni mvuvi wa dagaa kisiwani Rukuba. Ni kiongozi wa kwaya kanisani, na sisi tunashika Sabato. Kwetu dansi ni kitu ambacho watu wanakikemea kwa mahubiri, hawakichezi. Lakini darasani wananiitaga mlokole wa kisiwani, na sikutaka kuwaongezea maneno. Nikaandika: Magesa, baba mzazi, atakuja.

Jioni ile ile nikamwandikia baba barua. Nikamwambia mahafali ni Jumamosi, shughuli ni za kutwa nzima. Nikaandika hivi, nakumbuka kila neno: "Najua ni Sabato, baba, usijisumbue." Kuhusu dansi sikuandika hata nukta.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Jumamosi baba hapandi mtumbwi, hata kama mbinguni wamemwita. Kwa hiyo hatakuja. Mimi siku yenyewe nitalia kidogo, nitasema ziwa lilichafuka, Mwalimu Stella atanionea huruma na atacheza na mimi yeye mwenyewe. Hakuna atakayejua. Sabato ya baba yangu, ambayo ameishika tangu kabla sijazaliwa, mimi nikaifanya kisingizio.

Kumbe mjinga ni mimi. Nimelelewa kwenye Sabato miaka kumi na saba na nikasahau kitu ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua: mtu akiwa na safari ya Jumamosi, anasafiri Ijumaa, anafika kabla jua halijazama.

Leo saa kumi na nusu alasiri tulikuwa tunafagia uwanja. Mtu akaja akaniambia, "Nyangeta, una mgeni getini."

Moyo ulishuka mpaka kwenye raba.

Alikuwa amesimama na shati lake jeupe la kwaya, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa ajili ya maji ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha watu, na miguuni yale mabuti yake ya mpira. Pembeni yake mkokoteni aliokodi kutoka mwalo wa Mwigobero. Juu ya mkokoteni kulikuwa na magunia yaliyofungwa kwa kamba za nyavu, na dumu la mafuta ya taa. Harufu ya dagaa ilinifikia kabla ya salamu yake. Wasichana wa kidato cha pili walikuwa wameegemea fagio zao wanaangalia.

Nitaandika na hili, hata kama linaniaibisha. Kitu cha kwanza nilichofikiri siyo "baba amekuja." Nilifikiri, laiti angevaa viatu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekonda. Ni kitabu au ni njaa?"

Ananiitaga mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikacheka kwa shida. Nikamuuliza magunia ni ya nini. Akafungua moja taratibu, akatoa nguo moja, akatoa ya pili, na ndani yake ikatokea karabai. Nyingine ikatokea. Zilikuwa sita, vioo vyake vimeviringwa kwenye mashati ya watu ninaowajua. Nililitambua shati la mjomba.

"Nimeambiwa jenereta lenu halina dizeli," akasema, "ndiyo maana dansi imewekwa mchana."

Jamani. Alisema dansi. Kwa mdomo wake.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Shule nayo iliwatumia wazazi kadi. Na barua za Rukuba hazipelekwagi nyumbani kwa mtu. Zinakwenda kwa mtumbwi mpaka kwa katibu wa kanisa, naye siku ya ibada, baada ya matangazo, anafungua na kusoma kwa sauti, kwa sababu wengi hawajui kusoma na habari ya mmoja ni ya wote. Mimi mwenyewe nimekua nikisikiliza barua za watu pale. Namna gani nililisahau hilo? Basi katibu akaifungua kadi ya Magesa mbele ya kanisa zima, kwaya imesimama, akasoma: dansi rasmi ya wazazi na watoto wao, Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

Baba anasema palikuwa kimya mpaka mbuzi wa nje wakasikika.

Wazee wakamkalisha siku hiyo hiyo. Sijui alisimamaje mbele yao, yeye ambaye hajawahi kuitwa kwa kosa lolote. Walimuuliza, utacheza na nani? Akajibu, na mwanangu. Wakanong'ona wee. Mwishowe bibi mmoja wa dorkasi, chama cha akina mama kanisani, yule anayewakemeaga hata wazee, akasema kwamba mtu kumshika mkono mtoto aliyemzaa na kuzunguka naye, yeye haoni dhambi yake iko wapi. Dhambi iko kwenye saa. Saa kumi na moja jua bado liko juu, Sabato haijaisha.

"Basi nikawaambia saa nitaitengeneza," baba akasema. Akazipiga zile karabai kibao kidogo, kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake.

Kesho mwezi hautaonekana. Nyie mnaosoma Baiolojia hamjui maana yake, lakini mtoto wa mwalo anajua. Giza ndilo dagaa. Jumamosi jua likizama, watu wa kwetu wanaingia ziwani na karabai zao na wanatoka asubuhi mitumbwi imejaa. Karabai sita kuwa hapa shuleni, maana yake vikosi viwili kesho vitalala nchi kavu. Mjomba atalala nchi kavu. Kwa ajili ya wimbo mmoja wa dakika nne.

Na mimi nilikuwa nafikiria mabuti.

Tulikwenda pamoja ofisini kwa Mkuu wa shule. Baba alivua kofia, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kisiwani, pole pole, kwamba anaomba dansi isogezwe mpaka jua lizame, taa zipo, mafuta yapo, na atazipampu mwenyewe. Mkuu alimsikiliza vizuri. Lakini akasema wapo wazazi wa Bunda na Butiama wanaotaka kurudi kwao kabla ya giza, na lori la kuwarudisha limepangwa. Akasema, "Mzee wangu, nitalitafakari. Majibu nitayatoa kesho paredi ya asubuhi."

Kwa hiyo sijui. Mkuu akikataa, saa kumi na moja jina la Magesa litaitwa bwaloni, na baba yangu atakuwa amekaa palepale kwenye benchi na shati lake jeupe, hawezi kuinuka. Wote watamwangalia, na mimi ndiye niliyemwandikisha.

Tulipotoka ofisini nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akanitangulia.

"Barua yako niliipata pia," akasema. "Una mwandiko mzuri sasa hivi. Uliniambia nisijisumbue."

Nikatazama chini.

"Sikujisumbua. Upepo ulikuwa mzuri."

Wala hakunitazama kwa ukali. Afadhali angenipiga. Nilipaswa kusema pale pale, baba nisamehe, sikutaka uje, nilikuonea aibu. Sikusema. Nilimuuliza habari za mbuzi.

Lakini hilo siyo baya kuliko yote. Baya lenyewe lilikuwa getini, wakati wa kuagana. Alikuwa anakwenda kulala kwa muumini mwenzake huku mjini na ilimbidi afike kabla jua halijazama. Akatazama jua, akapima kwa kiganja kama wavuvi wanavyopimaga. Akasema bado kama saa moja. Halafu akasimama sawa, akavuta shati chini, akanyoosha mkono wake wa kulia kwangu. Mkono wenye makovu ya kamba.

"Hebu nionyeshe, mama. Mtu anaanzia mguu gani?"

Wale wa kidato cha pili bado walikuwa pale. Wengine walikuwa wameshatokeza kwenye madirisha ya bweni, na mmoja alishaanza kucheka, nilimsikia. Baba amesimama na mabuti yake, mkono uko hewani, anasubiri.

Nikasema, "Kesho, baba."

Akaurudisha mkono. Akasema haya, hakuna shida, akaniaga, akaondoka. Karabai zimebaki stoo ya shule.

Alipokwisha kukata kona ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Kesho hatajifunza. Kesho mchana wote ni Sabato, atakaa kanisani, na hata akija mahafalini hatainua mguu mpaka jua lizame. Ile saa moja ya leo ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Amevuka ziwa, amekalishwa na wazee, amewalaza watu wa vikosi viwili bila dagaa, amekuja mpaka getini kwangu na saa moja mkononi, na mimi nimemnyima kwa sababu ya kicheko cha mtoto wa kidato cha pili.

Nyamisi ameniuliza kwa nini nalia juu ya Baiolojia. Nimemwambia moshi wa jikoni.

Uongo mwingine. Utaisha lini?

Nimeamua hivi, na naandika ili nisigeuke asubuhi. Kesho kabla ya paredi nitakwenda kwa Mkuu mwenyewe na nitamwambia yote: fomu, barua, yote. Nitamwambia kama ni lazima dansi iwe mchana, basi anipeleke jikoni nikagawe pilau, jina la baba lisiitwe. Na Mkuu akikubali au akikataa, jua likizama nitamfuata baba mahali alipokaa. Nitamwomba msamaha kwanza. Halafu nitamshika mkono mbele ya kila mtu, kaseti ikiwepo isiwepo, bwaloni au hata kule stoo katikati ya karabai.

Kengele ya kulala imeshapigwa mara ya kwanza. Mawingu bado yako pale pale juu ya ziwa. Sijui kama huko alikolala anaweza kulala, au amekaa kitandani anaitazama miguu yake.

Wa kushoto, baba. Unaanzia wa kushoto.