Nilivyonyamaza Kutoka Mlima wa Theluji Hadi Rosettenville

Jumatatu, wiki ya pili ya likizo za shule. Jua limewaka Joburg lakini ni jua la kwenye picha, linaonekana tu, halipashi mtu. Nimevaa soksi tatu, mbili mguu wa kushoto. Usiniulize.

Shajara, jana sikukuandikia kwa sababu nilikatazwa kusema na mtu, na sikuwa na uhakika kama wewe unahesabiwa mtu.

Nianze na mlango.

Kila majira ya baridi, miaka minane sasa, alfajiri nikiwa natia udhu, nasikia mtu nje ya mlango wetu. Habishi hodi. Anakung'uta miguu tu. Du, du. Mara mbili, kwenye kile kizulia cha mlangoni alichonunua marehemu mke wangu. Nikifungua, hakuna mtu. Nimemlaumu paka. Nimemlaumu Mreno jirani, ambaye alikuwa na tabia ya kurudi nyumbani wakati watu wengine wanaamka. Mreno akahama. Sauti haikuhama.

Sikumwambia mtu. Mzee akianza kusema anasikia vitu, watoto wanaanza kutazamana.

Mwanangu wa kiume alikuwa na majina mawili. Mimi nilimwita Idi. Mama yake, Nomsa, alimwita Themba. Nomsa ni mtu wa huku, tulikutana Morogoro enzi zile watu wao wanaishi kwetu ukimbizini, mimi nikiwapelekea mboga kwa lori. Nchi yao ilipofunguka nikamfuata kama mkia. Tulikubaliana mambo yote duniani isipokuwa jina la mtoto, na mpaka mwisho hakuna aliyempa mwenzake ushindi.

Idi alipata kazi juu kwenye milima ya Lesotho, mahali ambapo watu wanakwenda kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni. Alikaa kwenye kibanda cha kukodisha viatu. Nilimcheka sana. Nilimwambia, "Nimekulea wee, kumbe unakwenda kuvalisha watu viatu ndani ya friji!" Hakukasirika. Kila baridi alipiga simu: "Mzee, njoo. Si lazima uteleze. Yapo mambo ya wasioteleza." Halafu ananitajia: kuna kushuka kilima kwa tyubu, kuna kujenga mtu wa theluji, kuna farasi, kuna kukaa motoni na chokoleti, kuna matembezi hadi kijito kilichoganda. Namjibu kwamba friji ninayo jikoni, nikitaka barafu nafungua mlango.

Sikwenda.

Baridi yake ya tatu huko, pikapu aliyokuwa anaendesha iliteleza kwenye kona, juu ya kijito hicho hicho.

Mwili uliletwa Joburg, nikaharakisha mazishi kama dini yangu inavyotaka. Hilo silijutii. Ninalojuta ni lingine. Nomsa aliomba jambo moja. Kwao mtu akifia mbali, ndugu wanakwenda pale alipoanguka na tawi la mti fulani wa miiba, wanamwita jina lake, wanamwambia twende nyumbani, wanambeba kwenye tawi mpaka mlangoni kwake. Bila hivyo anabaki palepale, hajui njia. Nilicheka mbele ya shemeji zangu wote. Nilisema, "Roho haiombi lifti."

Watu wakacheka. Nomsa hakucheka, na hakuomba tena. Ila kila baridi, akijivutia blanketi, alisema kama anayesema na ukuta: "Mtoto yuko kwenye baridi."

Mwaka juzi naye akaondoka, na neno hilo akaniachia mimi.

Sasa mwaka huu Zanele, dada yake Idi, tunayeishi naye hapa Rosettenville na mabinti zake wawili, akatangaza kwamba likizo hii tunakwenda kuona theluji. Ni kwa ajili ya watoto, alisema. Uongo. Nilimwona akipakia kwenye buti la gari blanketi la marehemu mama yake, na hakuna mtoto aliyeliomba.

Nami nikaenda zangu mjini, kwa mama mmoja anayeuza dawa za miti, nikaomba lile tawi kwa Kizulu changu cha sokoni. Wazulu wanauita umlahlankosi. Akanipa. Nikaliangalia jani, mishipa mitatu, mwiba mmoja umenyooka na mwingine umepinda. Nikashika meza ya yule mama.

Huyu ni ndugu wa mkunazi.

Shajara, miaka mingi nimesaidia kuosha maiti msikitini kule Mayfair. Majani tunayoyaponda na kutia kwenye maji ya kumwoshea mtu ni ya mkunazi. Kwa mikono hii nilimwosha mwanangu kwa majani hayo, halafu nikatoka nje nikamcheka mama yake kwa tawi la ndugu wa mti huo huo. Sheikh akisoma hapa najua nitaitwa. Aniite. Nitakwenda na soksi zangu tatu.

Yule mama akaniita babu kwa Kizulu, akaniambia masharti. "Mkhulu, ukishamwita, husemi na mtu mwingine mpaka ufike mlangoni kwako. Ni yeye tu. Ukivuka mto unamwambia, ukivuka mpaka unamwambia." Halafu akanitazama mdomo, akacheka mpaka akashika kiuno. "Lakini wewe utaweza?"

Tukapanda mlima siku ya Ijumaa. Pale mapokezi wamebandika karatasi ukutani: mambo ya kufanya kwa wageni wasioteleza. Amina, mjukuu mkubwa, akanisomea kwa sauti. Tyubu. Mtu wa theluji. Farasi. Moto na chokoleti. Kijito kilichoganda.

Ni maneno ya simu ile, na yamefuatana vilevile.

Basi nikayafanya yote. Nilichelewa kwenye mwaliko, lakini nilikuja. Nilishuka kilima ndani ya tyubu la lori, kofia ikaenda njia yake na mimi yangu, nikatoa sauti ambayo Lulu, mjukuu mdogo, anasema ni ya mbuzi wa Iddi. Tulijenga mtu wa theluji, wakamvalisha kofia yangu, Amina akasema sasa tuna imamu ambaye hotuba zake zitakuwa fupi, jua likitoka tu kamaliza. Farasi alinitazama, nami nikamtazama, tukakubaliana kwamba hakuna mwenye haraka. Nilicheka kweli. Na kila nikicheka nilijikuta nageuka kulia, kama kuna mtu pale wa kuniambia, "Si nilikuambia, mzee?"

Jumamosi jioni tukakaa motoni, karibu na mlango wa mgahawa. Chokoleti mkononi. Watu wakaanza kurudi kutoka kwenye kuteleza, na kila mmoja kabla ya kuingia alisimama kwenye zulia la mlangoni, akapiga buti zake chini kuangusha theluji.

Du, du.

Chokoleti ilinimwagikia mapajani, na sikuhisi moto wake. Akaingia mwingine. Du, du. Miaka minane naisikia sauti hii Rosettenville, ambako hakuna theluji ya kukung'uta, na sikuwahi kuijua kwa sababu sikuwahi kufika mahali inapotoka.

Nikamwangalia Zanele. Alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anautazama ule mlango.



Jana asubuhi, wakati wanafunga mizigo, nikachukua jambo la mwisho kwenye karatasi: matembezi. Nilifunga tawi kwenye lile blanketi la Nomsa, nikashuka peke yangu mpaka kijitoni. Maji yamesimama kama kioo, kona ya barabara iko juu kabisa, na upepo wa huko hausemi, unanong'ona. Nikaita, "Idi." Nikasubiri. "Idi, mwanangu, twende." Meno yanagongana. Nikajiona mjinga, mzee na kichaka chake. Nikageuka niondoke.

Halafu nikakumbuka tawi ni la nani.

"Themba," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo hata mara moja. "Themba, ni baba yako. Nimechelewa. Mama yako alinituma zamani. Twende nyumbani, kuna heater."

Sisemi kwamba tawi lilikuwa zito baada ya hapo. Vidole vilikuwa na ganzi, na mtu mwenye ganzi si shahidi. Nasema tu kwamba nililipandisha kilima kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo, kimya. Mimi! Lulu alisema, "Babu betri imekwisha." Amina akanitega kwa siasa, akanitega kwa mpira, akaimba kwa makusudi wimbo anaojua naudharau. Nikakaza mdomo. Zanele aliangalia blanketi mapajani mwangu, akawasha gari, akaendesha polepole sana kwenye ile kona. Kwenye mto nikainamia blanketi nikanong'ona, "Themba, tunavuka." Wajukuu wakanyamaza wenyewe.

Mpakani afisa wa uhamiaji akaja dirishani. Pasipoti nne mkononi. "Mko wangapi?"

Zanele akaniangalia kwenye kioo. Hakuwa ameniuliza lolote tangu mlimani.

"Watano," akasema.

Afisa akahesabu vichwa, akahesabu pasipoti. Macho yakafika kwenye blanketi, yakaona mwiba umetokeza. Akavua kofia. "Pita naye, ntate," akaniambia, kwa heshima ya kwao ya kumwita mzee baba, akagonga mihuri minne, akasimama hivyo bila kofia kwenye baridi ile mpaka tukaondoka.

Kilichoniuma njiani ni kimoja. Kituo cha petroli, kijana Mrundi aliyekuwa anafuta kioo aliona kofia yangu, uso ukamjaa furaha: "Shikamoo, mzee wangu!" Nami siwezi kusema marahaba. Niliinua mkono tu. Uso wake ukajifunga. Ataniweka kwenye orodha ya wazee wenye kiburi, na sina namna ya kumpata. Kijana, popote ulipo: marahaba. Marahaba mara mia.

Tukafika nyumbani jua bado lipo. Nilisimama kwenye kile kizulia na blanketi langu, mdomo umekauka. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njia nzima. Yaliyotoka ni haya: "Umefika. Kung'uta miguu, usichafue zulia la mama yako."

Tukaingia. Zanele akafunga mlango nyuma yetu, akakaa chini ukumbini palepale, akalia kama mtoto.

Leo alfajiri niliacha maji ya udhu yanapoa, nikaenda kusimama mlangoni. Nikatega sikio. Nikamkuta Zanele ameshasimama pale gizani, peku, amejifunga kanga ya mama yake.

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Unachofanya wewe, baba." Akavuta pumzi. "Miaka yote hii. Nilidhani nimerukwa na akili. Nikaogopa kukuambia, utanicheka."

Nimeandika neno hilo hapa ili nisilisahau. Utanicheka.

Tulisubiri mpaka kukapambazuka. Hakuna kitu. Paka alipita, hakukung'uta miguu. Ndicho nilichokitaka, nilikipandia mlima, sasa nimekipata, mbona kifua kiko wazi hivi kama chumba kilichohamwa? Miaka minane kuna mtu aliyekuwa anakuja kunisalimia kila asubuhi ya baridi, na mimi nikamlaumu Mreno.

Kizulia kimejaa vumbi. Zanele anasema kifuliwe. Kesho nitakifua.

Au nikiache kwanza baridi iishe?