Mashine ya Waya kwa Baiskeli ya Imelda

Jumatatu, 3 Juni
Sala, chai, kazi. Majembe mawili na bawaba ya geti. Mchana nimegusa tena baiskeli ya magurudumu matatu ya mdogo wangu Imelda, iliyovunjika fremu. Mashine yangu ya kuchomelea kwa rodi imelitoboa bomba lake, tundu la tatu sasa. Bomba jembamba, moto mkali. Nimetupa koleo. Mungu anisamehe neno nililotamka.

Imelda hajatembea tangu utoto. Bila baiskeli hiyo hatoki. Wanaume wa jumuiya walitaka kumbeba hadi kanisani, akakataa. "Mimi si mkungu wa ndizi." Wiki ya tatu hajasali misa.

Jumatano, 5 Juni
Ngara mjini, kipande cha bomba mfukoni. Natafuta mashine ndogo ya kuchomelea kwa waya, hiyo haitoboi bomba jembamba. Muuzaji ananisukumia ya gesi. Gesi nitaipata wapi kwetu Bukiriro? Tena nachomelea uani, upepo wa kiangazi utaipeperusha yote. Ya pili inatumia waya wenye unga ndani, haitaki gesi. Hiyo anasema ni ya kujifunzia. Nikaomba kuijaribu. Akajibu, ukiiwasha ni yako, fundi. Nimerudi mikono mitupu. Hasira hadi sasa.

Jumamosi, 8 Juni
Biharamulo. Safari yote hiyo. Muuzaji mwema, kaniruhusu nijaribu ile isiyotaka gesi. Umeme ukakatika. Nimengoja hadi saa tisa. Uliporudi, cheche kila upande, mshono vitundu vitupu. Nikaugonga, ukabanduka. Mteja mmoja akauliza, fundi, unachomelea au unakaanga bisi? Wakacheka. Nimepewa kijitabu cha mashine nikasome nyumbani. Cha Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba.

Jumapili, 9 Juni
Misa bila Imelda. Wanamuulizia, nasema baiskeli bado. Nimesali nimenuna. Najua si vizuri.

Jioni Imelda kakichukua kijitabu. Yeye hushona, amezoea kusoma picha za mitindo. Kaona picha mbili za ndani ya mashine, moja na mtungi wa gesi, nyingine bila mtungi.

"Kaka, hapa nyaya mbili zimebadilishana nafasi. Ile ya dukani ilifungwaje?"

Sijui. Sikufungua kimlango cha pembeni mwa mashine. Miaka ishirini ya ufundi, sikukifungua.

Jumanne, 11 Juni
Biharamulo tena. Kweli, ilifungwa kwa ajili ya gesi. Nimezibadilisha zile nyaya. Mshono ukatulia. Nimegonga kwa nyundo, bomba limepinda, mshono haukuachia. Nimeichukua. Aibu yangu, na muuzaji naye yake.

Alhamisi, 13 Juni
Matundu yote nimeziba, na pale palipovunjika nimeunga. Rangi bado. Imelda hataki kungoja rangi.

Jumapili, 16 Juni
Imelda katangulia, anazungusha pedali kwa mikono. Kwenye kilima cha kanisa nikashika nyuma ya kiti nimsukume.

"Toa mkono, kaka."

Nimeutoa. Sikujua niuweke wapi. Amepanda taratibu, akisimama kuvuta pumzi, nami nikisimama. Tumeingia wimbo wa kwanza umeshaanza.