Miti Iliyokuwa Ikinificha

Kyimo,
8 Aprili 1993

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba, na baba naye ni mzima. Huku tunapumua. Anyosisye anaota meno. Halali, nami silali.

Mama, unaukumbuka ule mstari wa miti ulioshuka kutoka msitu wa mlimani hadi kisimani kwetu? Umekatwa katikati ili kupanda viazi. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua viazi, malori yanafika hadi mlangoni, na baba mkwe akasema hawezi kufuga miti wakati wenzake wanaezeka bati. Kimebaki kipande huko juu na kingine hapa kisimani.

Humo ndimo nilimokuwa nikipita na ndoo, baba mkwe asinione wala nisimwone, kama desturi inavyotaka. Tangu ikatwe nikawa nazunguka shamba lote kufika kisimani, mtoto mgongoni. Wifi anacheka, eti natembea kama mwizi wa mayai.

Hayo ningeyavumilia. Lakini kima waliokuwa wakishuka juu kwa juu kwenye matawi kwenda kunywa, sasa wanapita chini, ndani ya mahindi yetu. Mvua ikinyesha, udongo wa viazi unaishia kisimani. Anyosisye aliharisha hadi macho yakaingia ndani. Nilimtuma mume wangu Amoni akamweleze baba yake. Alirudi kichwa chini, kaambiwa aniulize kama kwetu nilikotoka tunakunywa soda.

Jumatatu vijana wakaja na misumeno kukata hata kile kipande cha kisimani. Amoni alikuwa ameenda Tukuyu. Mama, nilimwendea baba mkwe uso kwa uso, mtoto mikononi. Nikamwambia akikata na miti hiyo, mjukuu wake atakunywa tope mpaka tumzike. Watu waliziba midomo. Yeye alijifunika uso kwa koti, akageuka, kisha akawaambia vijana washushe misumeno.

Miti hiyo imesimama. Ila wazee wamesema nimevunja heshima: lazima ng'ombe wa faini atoke kwetu, na mpaka atoke nisikanyage kisimani. Najua zizini mnaye mmoja tu. Nisamehe, mama. Kusema sijutii. Najuta kuchelewa, ningesema siku walipoanza kufyeka, mstari ungekuwa mzima na mtoto asingeumwa.

Mwambie baba asije kugombana. Amlete ng'ombe kwa upole, kwa maana maji ninayochota sasa ng'ambo ya bonde ni mbali, na nimechoka.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Anyosisye anakushika mkono.

Ni mimi mwanao,
Vaileth