Maharage ya Bi Mwanaidi

Dada Zuhura, shikamoo. Naomba mgongo unaokuuma uwe umepoa.

Nakuandikia kutoka milimani Uluguru, nina aibu. Unajua tangu nipunguzwe kazini kituo cha hali ya hewa nimekuwa mnunuzi binafsi wa maharage. Juzi asubuhi Bi Mwanaidi, mjane wa hapa, alisita kuanika yake. "Mwanangu, hewa nzito. Hata kanga za jana hazijakauka."

Nikamjibu kwa majivuno: "Mama, nimepima hewa miaka kumi. Ukungu umelala bondeni, hewa imetulia. Anika tu." Akaniamini, akatandaza mikeka yote.

Saa sita jua lilipochoma miteremko, ile hewa yenye unyevu ikapanda, mawingu yakarundikana, na mvua ikashuka kabla hatujakunja mkeka wa pili. Mavuno yake yote yakalowa.

Dada, nilijua. Hewa ikiwa na unyevu mwingi hivyo, utulivu wake wa asubuhi hauaminiki. Niliwafundisha hata wenzangu. Ila nilitaka yakauke siku hiyo niyashushe Morogoro kabla wanunuzi wengine hawajanitangulia.

Jioni akanipakulia maharage hayohayo. "Kula, mwanangu. Yaliyolowa huiva upesi." Sikuweza kumtazama usoni.

Nimebaki namsaidia kuyakausha juu ya moto, ingawa mengi yameanza kuota. Leo nimemwambia ukweli wote. Akanisogezea ungo mwingine nichambue.

Wabusu wanao, dada yangu. Mungu akupe nafuu.

Mdogo wako,
Rashidi