Safari Yangu ya Ulaya Kusomea Nafsi za Watu

Songea, mwezi wa Shaabani, 1325

Kwa kaka yangu mpenzi, Mwalimu Bashiru bin Abasi, Namasakata.

Shikamoo kaka, na amani ya Mungu iwe juu yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, mama, shemeji Mwanaheri na watoto, na kwamba mihogo imeshika huko kwenu, maana huku watu bado wanachimba mizizi porini. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo sina la kuusifu.

Uliniuliza kama ni kweli nakwenda Ulaya. Ni kweli nimeitwa. Bwana Daktari Rupert, Mdachi aliyekuja baada ya vita kupima akili za watu, ambaye mimi ni mkalimani wake, amekwisha kunipangia kila kitu. Nisome miaka mitatu katika chuo kikubwa cha kwao elimu inayoitwa elimu ya nafsi. Mwaka wa kwanza vitabu vitupu, wa pili chumba cha mashine za kupimia, wa tatu niandike kitabu changu mwenyewe. Alisema aliyehitimu elimu hiyo hakosi kazi: atatibu wenye wazimu hospitalini, au atawasaidia mahakimu kumjua mwongo, au atawachagulia wenye mashamba mtu wa kufaa kila kazi, au atafundisha walimu. Akataka nichague mapema niendako. Siku ile nilifurahi sana. Sasa furaha hiyo naionea kinyaa.

Ngoja nikueleze elimu yenyewe inavyofanywa. Meza huwekwa uwanjani pa boma, Bwana Daktari hukaa na saa yake mkononi. Mtu huletwa, nami humtajia neno moja kwa Kingoni: nyumba, moto, mtoto, bunduki, dawa. Naye yampasa kutaja neno la kwanza linalomjia. Akijibu upesi, nafsi yake ni safi. Akikawia, anaficha jambo, na jina lake hupigwa mstari mwekundu. Mwanzoni mistari ile ilikuwa ya kitabu chake tu. Kisha bwana mkubwa wa boma akaisikia habari hiyo, akaipenda, akaanza kutuma askari kuwakamata wenye mistari kama waasi wa vita.

Mdachi yule hula mayai palepale mezani, maganda huyatupa mbele ya watu ambao mbavu zao zinahesabika, na akimgusa mtu tu hujipangusa vidole kwa spiriti. Harufu ya yai na spiriti imenikaa puani, hata nikitia udhu naisikia. Lakini kinyaa changu kikubwa si juu yake, maana yeye hajui. Mimi najua.

Wewe unakumbuka mama yetu wa Kingoni alivyotulea. Mkubwa akikuuliza jambo, humrukii na jibu. Unapiga goti, unainamisha macho, unaliacha neno lake litue, ndipo unajibu. Anayejibu papo hapo ni mtovu wa adabu. Basi watu wa hapa wanampa Mdachi heshima yote waliyobaki nayo, naye anaipima kwa saa na kuiita hatia. Aliyelelewa vizuri ndiye wa kwanza kupigwa mstari. Ningeweza kumweleza tangu siku ya kwanza. Sikumweleza, kwa kuwa niliogopa akiona kazi yake imeharibika, safari yangu nayo itaharibika. Nimenyamaza miezi mitatu, na watu kumi na wanane wamekwisha kuchukuliwa.

Juzi akaletwa Kajetani. Huyu ni seremala, Mngoni aliyebatizwa na mapadri, na ndiye mwenye nyumba ninayokaa. Wakati wa vita alijificha na mkewe Kunegunda katika mapango ya Matogoro, hakushika hata fimbo. Nilipofika hapa sina pa kulala alinipa kitanda chake, wao wakalala chini. Nilipomtajia neno dawa, alipiga goti na kuinamisha macho kwa heshima, akaliacha neno litue, kisha akajibu: mgonjwa. Wino mwekundu ulikwisha kupita. Sasa yuko kwenye mnyororo, na Jumatatu atapelekwa pwani. Katika wote waliopelekwa pwani hajarudi hata mmoja. Kunegunda aliniandalia ugali kama kawaida, akaniomba mimi niliye karibu na wakubwa nimwombee mumewe. Nikaula ugali wake. Kaka, najichukia kwa kila tonge.

Jana nilimwendea Bwana Daktari nikamweleza habari yote ya adabu. Alicheka. Akasema hiyo ni huruma yangu tu, na elimu haitaki huruma, inataka ushahidi. Nimletee mtu mmoja aliyejibu upesi na huku ana hatia, ndipo atakubali kwamba saa yake inakosea na wenye mistari wafunguliwe.

Hapo ndipo linapokuja jambo nililokuficha miaka miwili. Yale maji ya dawa ya vita yalipoletwa Namasakata uliyakataa hadharani, ukasema ni shirki, ukawafungia wanafunzi wako ndani ya chuo. Mimi nilitorokea uani. Niliyanywa, nikapakwa kichwani, nikaenda na wenzangu, na nilikuwapo duka la wakala wa Wadachi lilipochomwa. Uliponiuliza nilikuwa wapi siku nne zile, nilikuapia kwa Kurani kwamba nilikuwa kwa mjomba.

Bwana Daktari alinipima mimi kabla ya wote. Alipotaja dawa nilijibu papo hapo, kwani shuleni Lindi nilichapwa viboko mpaka nikasahau kuinamisha macho. Akasema hajapata kuona nafsi safi kama yangu.

Kesho asubuhi nitampelekea mtu anayemtaka.

Nisamehe kile kiapo, kaka. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na jirani wote wanaoniulizia wape salamu zangu. Mama akitaka kujua niliko, mwambie nimesafiri kwenda pwani. Hutakuwa umemdanganya.

Wasalaam,
mdogo wako mwenye kukuomba radhi,
Bakili bin Abasi