Wali Kando ya Mto Mkavu

Mpendwa mama,

Natangaza rasmi, kwa heshima zote anazostahili marehemu, kwamba sufuria yako kubwa imepandishwa cheo. Sasa inatumikia utalii. Husafiri nyuma ya gari langu kutoka Iringa hadi hifadhini, imebeba wali wa wageni.

Juzi niliwapeleka wageni wawili kando ya Mto Ruaha. Mto ni jina tu siku hizi. Mvua zimekuwa za kubahatisha, na viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope kama nguo ndani ya beseni. Bibi mmoja wa Kizungu akafuta machozi, akapiga picha, akafuta tena. Kisha akaniuliza, "Nani amemaliza maji?"

Ningeweza kusema joto. Ningeweza kutaja ndege iliyomleta, na hili gari langu linalokunywa dizeli kama ng'ombe aliyerudi machungani. Ila mgeni hasemwi. Nikajibu, "Wakulima wa mpunga, huko juu."

Huko juu ni Madibira kwetu, mama. Ni wewe.

Nikawapakulia wali wa shamba lako, analolima dada Neema sasa. Wakausifu. Nikasema ahsante.

Nilikukumbuka ulivyokuwa unafunga mlango wa mfereji kabla zamu yetu ya maji haijaisha, ili yaliyobaki yarudi mtoni. Majirani wakikucheka: "Mama Neema, hao viboko watakuletea kitenge Krismasi?" Nawe ukiwajibu, "Wasije kulala shambani kwangu, inatosha." Mimi ndiye niliyekuwa nakupa tope la kuzibia. Hilo sikumwambia mgeni.

Wiki iliyopita Neema alipiga simu. "Mdogo wangu, kitalu cha mpunga kinakauka. Tuombeeni mvua huko mjini." Jumapili kanisani tukaiomba kweli. Niliitikia amina kwa midomo tu, maana mvua ikishuka wanyama hutawanyika, barabara huwa tope, na wageni hughairi. Wanakuja kwa sababu mto umekauka. Wanyama wote wako dimbwini, wanaonekana vizuri. Basi mtoto uliyemlea kwa maji ya mfereji alikaa kwenye benchi la kanisa akitamani kiangazi kiendelee kidogo zaidi.

Nisamehe, kama huko uliko msamaha nao unagawiwa kwa zamu. Pumzika, mama.

Leo asubuhi Neema ameng'oa miche iliyokauka, akawapa mbuzi.

Mwanao wa mwisho